KURUMBIZA MWENYE NYOTA: Ndege wa Msitu wa Mlimani na Fundisho Lake kwa Mkulima wa Skimu

Asubuhi moja ya siku ya soko mzee mmoja wa skimu upande wa Borabu aliingia katika ofisi yetu ya kilimo. Alikuwa na kifurushi cha karatasi ya gazeti, akakiweka juu ya meza yangu na kukifungua. Ndani alikuwamo ndege mdogo aliyekufa, tumbo lake la rangi ya chungwa, kichwa cheusi, na juu ya jicho mstari mweupe kama uliochorwa kwa chokaa.

"Karani," akasema, "huyu ndiye mwizi wa miche yangu ya sukuma wiki. Kila asubuhi naikuta imekatwa, na kila asubuhi namkuta huyu anarukaruka katikati yake. Mwanangu amempiga kwa manati. Niambie dawa ya kuwamaliza wenzake."

Nikamwomba ruhusa nimpasue firigisi. Hatukuona jani hata moja. Tuliona miguu ya mbawakawa, magamba yao meusi, na vichwa vidogo vya viwavi. Tukaenda shambani pamoja, tukafukua udongo kwa kidole penye mche uliokatwa, na hapo palikuwa na sota, yule kiwavi mnene wa rangi ya udongo ambaye hukata shina usiku na kujificha mchana. Mzee akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi tumempiga askari, tukamwacha mwizi."

Ndege yule ni wa jamii ambayo katika Kiswahili huitwa kurumbiza. Aliyeletwa ofisini ni kurumbiza wa bustani, ambaye wengi wetu humsikia alfajiri na magharibi akiimba karibu na nyumba, sauti ikianza chini na kupanda juu. Lakini anaye ndugu msituni, mwenye rangi nzuri kuliko yeye na mwenye haya zaidi. Somo la mwezi huu ni juu ya ndugu huyo wa msituni. Mkulima akijua maisha yake, atajua pia kwa nini sehemu fulani ya shamba lake ina uhai na sehemu nyingine imekufa.

UMBO NA RANGI ZAKE

Wataalamu wa ndege humwita Pogonocichla stellata. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "mwenye nyota". Mfaransa aitwaye Vieillot ndiye aliyempa jina hilo la stellata, mwaka 1818. Sisi hapa tutamwita kurumbiza mwenye nyota.

Ni ndege mdogo, urefu wake kama sentimita 15 tangu mdomo hata mkia, na uzito wake kama gramu 20, yaani vijiko vinne vidogo vya sukari. Kichwa chake ni cha kijivu kinachoelekea buluu, mgongo ni wa kijani kama kuvu la mti, na kifua na tumbo ni manjano safi. Mkia wake ni mweusi na manjano. Nyota zake ni tatu. Mbili ni madoa meupe madogo, moja mbele ya kila jicho. Ya tatu iko chini ya koo, na hiyo huifunika kwa manyoya.

Nyota hizo zina kazi. Ndege mwingine wa aina yake akiingia katika eneo lake, hufunua lile doa la kooni na kumkabili mgeni ili alione. Hiyo ndiyo lugha yake ya kusema, "Hapa pana mwenyewe." Katika giza la chini ya msitu, manyoya ya kijani na kijivu hayaonekani kwa mbali, bali doa jeupe huonekana mara moja.

Mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Akitoka kiotani huwa wa rangi ya giza mwenye madoadoa ya dhahabu, na mahali pengi hupita katika vazi jingine la kijani hafifu kabla hajavaa rangi za wazazi wake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwaona watatu katika kichaka kimoja akadhani ni ndege wa aina tatu, kumbe ni wa aina moja wenye umri mbalimbali. Waalimu wataona faida ya kuwaeleza watoto jambo hili, maana huwafundisha kutazama kwa makini kabla ya kutoa jina.

MAHALI AKAAPO

Kurumbiza mwenye nyota hukaa katika misitu ya milima tangu Sudan Kusini, Uganda na Kenya, kupita Kongo ya mashariki, Rwanda, Burundi na Tanzania, hata Afrika Kusini. Hapa kwetu Kenya yuko Mlima Kenya, Aberdare, Mlima Elgon, Mau na Milima ya Taita. Hupenda mahali penye mvua nyingi na ubaridi, aghalabu tangu mita 1,500 kwenda juu, hata penye mianzi.

Ndugu mkulima, zitazame tena hali hizo: mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, mvua nyingi, ubaridi, udongo mwekundu wenye kina. Ni mahitaji ya chai yenyewe! Mahali ambapo chai yetu hustawi ndipo msitu wa mlimani ulipopenda kusimama. Kwa sababu hiyo, tuliposhika panga na jembe katika vilima vya Kisii na Nyamira, tulilima nyumbani kwa ndege wa namna hii. Sisemi hivi kumlaumu mtu. Watu walihitaji chakula na mahali pa kukaa, na Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962 uliwapa wengi wetu ardhi iliyokuwa mashamba ya Wazungu upande wa Sotik, pamoja na Nyansiongo. Nasema ili tujue tulichokikuta, na kilichosalia.

Msitu mkubwa ulio karibu nasi leo ni Mau ya Kusini-Magharibi, upande wa Kericho na Bomet. Ni huko nilikomwona ndege huyu kwa mara ya kwanza, nilipokuwa chuo cha ualimu, mwalimu wetu wa sayansi alipotupeleka kutazama chanzo cha kijito. Tulikaa kimya penye gogo kwa muda wa nusu saa. Kwanza tukasikia mluzi mwepesi wa sauti mbili, kisha akashuka kwenye kijiti kilicho chini kabisa, akatutazama, na nyota zake mbili za usoni zikaonekana wazi. Aliruka chini, akageuza jani, akaokota kitu, akapotea. Mwalimu akatuambia, "Mmeona alipokula? Si mtini, ni chini ya mti." Maneno hayo sijayasahau.

CHAKULA CHAKE

Chakula chake ni wadudu: mbawakawa, nondo, nzi, sisimizi, viwavi, na pia buibui. Mara nyingine hula matunda madogo ya porini. Hukaa juu ya kijiti cha chini, hutazama, huruka hata ardhini, huokota, hurudi kijitini. Wakati mwingine hudaka mdudu hewani au chini ya jani.

Tena anayo akili moja ya ajabu, nayo ni kufuata siafu. Kila mtu wa huku ajua siafu wanapopita: panzi, mende, buibui na viwavi hukimbia mbele yao kwa hofu. Kurumbiza mwenye nyota husimama pembeni ya msafara huo na kuwadaka wanaokimbia. Hahitaji kuwatafuta, siafu humfanyia kazi. Ndege wengine wa msituni hufanya vivyo hivyo, na mtu akisikia kelele ya ndege wengi wadogo chini ya kichaka, huenda siafu wanapita hapo.

Sasa tujiulize: wadudu hao wote hukaa wapi? Wengi hukaa katika majani makavu yaliyoanguka chini. Majani hayo huoza polepole na kushika unyevu. Ndani yake mna kuvu, minyoo, jongoo, mbawakawa na vijidudu visivyohesabika. Hiyo ndiyo ghala ya ndege huyu. Mti mkubwa peke yake haumtoshi. Mahali penye miti mirefu lakini chini pamefagiliwa, au ng'ombe wamekanyaga mpaka ardhi imekuwa ngumu kama uwanja wa mpira, hapati chakula. Hili ndilo fundisho lake kubwa, nalo ni somo letu lote la leo: utajiri wa msitu uko chini, katika majani makavu, majani yakiondoka, wadudu huondoka, na ndege humfuata mdudu.

KIOTA NA WATOTO

Kiota chake pia hutegemea majani hayo hayo. Jike hujenga ardhini, penye kingo za mteremko, chini ya mzizi au kando ya gogo. Hukusanya majani makavu, kuvu la miti na vizizi, akatengeneza kitu kama mpira wenye mlango ubavuni. Ukipita hatua moja kutoka hapo huenda usikione, maana kinafanana na majani yanayokizunguka.

Jike hutaga mayai mawili au matatu, na huku kwetu Afrika Mashariki mara nyingi ni mawili tu. Huyaatamia kwa siku 16 hadi 18. Watoto hukaa kiotani kama wiki mbili, na hata wakitoka huendelea kulishwa na wazazi kwa wiki kadhaa. Mkulima mwenye kuku aweza kulinganisha: kuku huatamia mayai kumi na zaidi kwa mara moja, lakini ndege huyu hulea wawili tu. Akipoteza kiota kimoja, amepoteza kazi ya muda mrefu.

Adui zake ni wengi. Nyoka, panya, nguchiro na nyani hula mayai na watoto. Tena yuko yule kekeo mwenye kifua chekundu, ambaye sote twamjua kwa wito wake wa sauti tatu za kushuka mvua inapokaribia. Kekeo huyo hajengi kiota. Hutaga yai lake katika kiota cha kurumbiza, naye kurumbiza hulea mtoto asiye wake, ambaye hukua mpaka kumshinda mlezi kwa ukubwa. Kurumbiza wa bustani naye hupatwa na jambo hilo hilo. Basi ukifurahi kusikia sauti ya mvua, kumbuka kwamba mwimbaji huenda alilelewa na ndege mdogo wa vichakani.

HABARI KUTOKA MILIMA YA TAITA

Wengine watauliza, "Msitu ukikatwa ukabaki vipande, ndege hufanya nini?" Swali hili limejibiwa hapa hapa Kenya. Katika Milima ya Taita msitu wa mlimani umebaki vipande vipande katikati ya mashamba. Kipande cha Mbololo ni karibu hektari 200, cha Chawia ni chini ya hektari 100, na viko vingine vidogo mno. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao kutoka Ubelgiji waliwakamata ndege huko kwa nyavu nyembamba, wakawavisha pete ndogo miguuni, wakawaachia. Ndege mwenye pete akikamatwa tena, hujulikana alikotoka.

Walilinganisha ndege mbalimbali. Mmoja ni mkesha wa Taita, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Mkesha huyo hapendi kutoka msituni, naye amebaki katika vipande vichache sana. Kurumbiza mwenye nyota huvuka kutoka kipande kimoja hata kingine kuliko mkesha, na kwa hiyo ameweza kudumu katika vipande vingi zaidi.

Maana yake kwetu ni nini? Kipande kidogo si bure, iwapo vipande viko karibu, na iwapo kati yake pana njia. Njia ya ndege si barabara. Ni mstari wa vichaka kando ya mto, ua wa miti ya asili, bonde lisilofyekwa. Ndege anayeogopa uwanja wa wazi huruka kutoka kichaka hata kichaka kama vile mtu avukavyo mto kwa kukanyaga mawe. Ondoa mawe mawili, naye hawezi kuvuka tena.

SISI WA KISII NA NYAMIRA

Hatuna msitu mkubwa katika kaunti zetu mbili. Tulicho nacho ni mabonde na mito. Mto Gucha hutoka katika vilima vya Nyamira, hupita Kisii na Migori, hata kuingia Ziwa Victoria. Upande mwingine vijito vyetu huenda kwenye mto Sondu. Kando ya vijito hivyo ndipo vimebaki vichaka vya asili, na ndipo ndege wengi wa vichakani wanapokaa, akiwamo kurumbiza wa bustani.

Lakini vichaka hivyo vyakatwa kila mwaka kwa sababu tatu. Kwanza, watu hupanda mikaratusi hata ndani ya chemchemi, kwa kuwa kuni na nguzo zina soko. Pili, watu hulima mpaka kwenye maji wapate mboga wakati wa kiangazi. Tatu, ardhi imegawanywa mno. Shamba la skimu lililompata baba likiwa moja, leo ni la wana watano na wajukuu.

Mkaratusi una faida zake, wala ofisi ya kilimo haisemi usipandwe. Lakini mahali pake si penye maji. Hunywa maji mengi, na chini yake mimea mingine haistawi vizuri. Tembea wewe mwenyewe chini ya mikaratusi iliyosongamana, kisha tembea chini ya mkuyu, ugeuze majani makavu kwa fimbo mahali pote pawili, uhesabu wadudu. Huhitaji karani akwambie.

SWALI LA MZEE

Yule mzee wa miche alirudi ofisini baada ya wiki mbili. Safari hii hakuja na ndege. Alikuja na swali, na ni swali la haki, nami nataka wasomaji walisikie.

"Mwanangu," akasema, "nimekubali kwamba ndege hakula miche. Lakini mimi nina ekari sita na wana watatu. Mmoja ataka kupanda mikaratusi pale chemchemini, auze nguzo alipe karo ya watoto wake. Waniambia niache kichaka kwa ajili ya ndege. Je, ndege atalipa karo?"

Nikamjibu, "La, mzee wangu, ndege hatalipa karo." Sikutaka kumdanganya. Tena sikutaka kumwambia kwamba kurumbiza atamaliza wadudu wote wa shamba. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia katika mahindi ya Kenya, hakuna ndege aliyeweza kuwazuia peke yake. Ndege ni askari mmoja kati ya wengi. Wako nyigu, wako buibui, wako vinyonga, wako popo wa usiku. Kila mmoja hula sehemu yake, na mkulima hapati hesabu ya wadudu ambao hawakuzaliwa.

Lakini nikamuuliza swali la pili: "Ile chemchemi, mama hutoa maji hapo mwezi gani?" Akasema, "Miezi yote, hata wa kwanza na wa pili." Nikamuuliza, "Na ile ya jirani yako wa chini, iliyozungukwa na mikaratusi?" Akacheka kidogo. Alijua kwamba mwezi wa pili watu wa jirani huja na madumu yao kwake.

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Kichaka hakikuachwa kwa ajili ya ndege. Kiliachwa kwa ajili ya maji, na ndege ni alama tu. Majani yale makavu yanayomlisha kurumbiza ndiyo yanayozuia mvua isikimbie juu ya ardhi, ikapata nafasi ya kuzama na kulisha chemchemi. Ndege wa majani makavu akiimba asubuhi kando ya maji yako, anakwambia kwamba ghala ya chini bado imejaa. Akinyamaza mwaka mzima, nenda ukatazame.

Mzee na wanawe walikaa wakashauriana. Mikaratusi ilipandwa juu, penye mawe ambapo mahindi hayakuwa yakifaa. Chemchemi ikaachiwa kichaka chake, na pengo lililokuwapo likapandwa mianzi. Yule mwana mmoja hadi leo asema kwamba mteremko wa juu utachelewesha nguzo zake, na huenda asema kweli. Lakini maji yapo, na ng'ombe wa ndugu wote watatu huyanywa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Acha ukanda wa kichaka kando ya mto au kijito chako. Kanuni za serikali za mwaka 2006 juu ya ubora wa maji ziliweka kipimo cha mita 6 kwa uchache na mita 30 kwa wingi, kupimwa tangu mahali maji yalipofika wakati wa mafuriko makubwa. Mwulize Bwana Shamba wako akuoneshe kipimo kinachofaa shamba lako.

2. Usipande mkaratusi penye chemchemi. Mahali pa maji panda mkuyu, mringaringa au mianzi. Mikaratusi ipandwe juu, mbali na maji.

3. Usifagie wala kuchoma majani makavu chini ya miti na vichaka. Yaache yaoze mahali pake.

4. Ukipogoa chai, acha matawi na majani yaliyopogolewa yabaki kati ya mistari. Wengi huyabeba yote kwenda jikoni, na udongo hubaki uchi. Mbolea hiyo haikugharimu kitu.

5. Kabla ya kunyunyiza dawa, tafuta kwanza ni mdudu gani na yuko wapi. Sota huweza kufukuliwa kwa mkono asubuhi mapema katika kitalu kidogo. Dawa ikinyunyizwa ovyo huua pia walinzi, na ndege akila mdudu mwenye sumu, sumu humwingia.

6. Waambie watoto waache kupiga ndege kwa manati na kuharibu viota. Uwindaji umekatazwa nchini Kenya tangu mwaka 1977. Mtoto apewe kazi bora kuliko hiyo: ahesabu ndege wa kichaka cha nyumbani, aandike majina yao.

7. Zungumza na jirani. Kichaka chako cha hatua ishirini na cha jirani cha hatua ishirini vikiungana, ni njia moja. Vikitengwa na pengo kubwa, ni visiwa viwili.

MASWALI YA KUJIPIMA

Maswali haya yafaa kusomwa jioni na jamaa wote, au katika mkutano wa kikundi cha wakulima. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wa shule.

1. Nyota tatu za kurumbiza ziko wapi, na ile ya kooni ina kazi gani?

2. Kwa nini mtu aweza kudhani mtoto wa ndege huyu ni ndege wa aina nyingine?

3. Eleza jinsi siafu wanavyomsaidia kurumbiza kupata chakula.

4. Kwa nini msitu wenye miti mirefu, lakini uliofagiliwa chini, hauwezi kumlisha?

5. Katika Milima ya Taita, ni tofauti gani iliyoonekana kati ya kurumbiza mwenye nyota na mkesha wa Taita?

6. Chemchemi iliyo karibu nawe imezungukwa na nini? Maji yake hupungua mwezi gani? Waulize wazee ilikuwaje walipokuwa vijana, na uwaulize pia majina ya Kigusii ya ndege waliokuwa wakiimba hapo.

Swali la sita halina jibu katika gazeti hili. Jibu lake liko shambani kwako, na baadhi ya wazee wanaolijua hawatakuwa nasi siku nyingi. Andika watakayokwambia, uyalete ofisini siku ya soko. Tutayaweka pamoja, ili mkulima wa kesho ajue ni ndege gani waliokuwa wakiimba hapa na ni chemchemi gani ambazo hazikukauka.